Shajara ya Datsun 240Z: kutoka menifoldi iliyopasuka hadi heda isiyovuja

Naandika hatua ikishakamilika. Nikiandika mapema najikuta nasifu kitu ambacho wiki ijayo nitakifungua tena. Gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, injini ya L24: silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2393, kabureta mbili za Hitachi zile za vichwa vya duara. Ni aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, habari ambayo mwenye 240Z yeyote atakupa kabla hujamwuliza. Langu halijawahi kushinda chochote.

Bei sitaandika, kwa kuwa hazitakufaa utakaposoma. Gharama nitazihesabu kwa saa nilizotumia na vitu nilivyoharibu.

4 Februari: mlio wa asubuhi

Kwa wiki kadhaa injini ikiwashwa ikiwa baridi inatoa tik-tik-tik, kisha baada ya dakika tano mlio unapotea. Nilishuku valvu. Nikakaa jioni nzima nikirekebisha nafasi za valvu zote 12, na kesho yake asubuhi mlio ukanisalimia kama kawaida.

Ningeanza na macho. Upande wa kushoto wa injini, chini ya kabureta, menifoldi ya moshi, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, ilikuwa na mstari mweusi wa masizi kati ya silinda ya 5 na ya 6. Nikaziba ncha ya bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, injini ikiwa baridi, na pale kwenye masizi pakatoka mpumuo wa wazi. Ni ufa. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajifunga, mlio unapotea. Ndiyo maana valvu zilisingiziwa.

Nilipomulika nyuma zaidi nikaona jingine: stadi ya mwisho (fimbo yenye msuko inayoshika menifoldi kwa nati), kando ya silinda ya 6, haina nati kwa sababu haina hata ncha. Ilishakatika zamani. Kwenye injini hizi stadi za pembeni ndizo zinazokufa kwanza. Menifoldi ni pande refu la chuma cha kusubu lililobanwa kwenye silinda hedi ya alumini, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, na kila linapopata moto na kupoa linasogea. Katikati linasogea kidogo. Miishoni mwendo wote umejumlishwa, na stadi ndiyo inayobeba.

Saa 3, zote za valvu ambazo hazikuwa na kosa.

11 Februari: kufungua, na stadi mbili

Kazi ya kawaida naifupisha. Betri ikatoka, kabureta zikatoka pamoja na kebo zake, bomba la mbele likafunguliwa kwenye flanji, lile bapa la kufungia. Kwenye L24 menifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja wa hedi, ya hewa juu na ya moshi chini, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya nati zinabana zote mbili kwa wakati mmoja kupitia washa nene. Kumbuka hizo washa. Siku ile nilizitupia kwenye kopo bila kuziangalia mara mbili, na ndizo zilizokuja kunitesa mwezi mzima.

Nati moja ya chini, kwenye silinda ya 1, ilikataa. Nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana. Stadi ikakatika na kubakiza kama milimita 6 nje. Sasa nikawa na mbili: moja imechomoza, nyingine imekatikia ndani ya hedi.

Hapa nilifanya kosa baya kuliko yote ya mradi huu. Ile ya ndani nilitoboa katikati, nikaingiza eksitrakta, kile chombo chenye msuko wa kushoto, nikakaza. Ikakatika humohumo. Eksitrakta ni chuma kigumu sana na kekee ya kawaida haiigusi. Nikawa nimezibiwa na kitu kigumu kuliko nilichokuwa nakitafuta. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo nikaendelea: kidude cha kusagia cha tungsteni kabaidi kwenye grainda ndogo, taa ya kichwani, na jioni mbili za kusaga kidogokidogo. Kidude cha kwanza kiliteleza kikala alumini. Tundu likawa halina umbo. Mwishowe nililitoboa upya kwa kipimo kikubwa, nikapiga thredi, nikaweka koili ya kurudishia thredi ya milimita 8. Imekaa imara, lakini ni kazi ambayo haikupaswa kuwepo.

Ile iliyochomoza niliifanya kama nilivyopaswa kufanya zote. Unaweka nati juu ya kipande cha stadi, unachomelea ndani ya nati mpaka vishikane, unaacha kipoe kidogo, kisha unazungusha taratibu, mbele na nyuma. Ilitoka kwa dakika kumi. Kuna mambo mawili yanayosaidia. Uchomeleaji wa chuma haushiki alumini, hivyo hata ukimwaga kidogo huiunganishi stadi na hedi. Na moto wenyewe unalegeza, kwa sababu alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Hata stadi iliyokatikia ndani kidogo unaweza kuijenga kwa matone ya waya wa kuchomelea mpaka ifike juu, ndipo uweke nati.

Stadi zilizobaki nilizipasha moto moja moja kabla ya kuzigusa. Hakuna nyingine iliyokatika. Nimebadilisha zote.

Saa 4 za kufungua, saa 11 za stadi mbili. Kati ya hizo 11, kumi na nusu ni za ile eksitrakta.

18 Februari: kuchagua

Njia ya kwanza ilikuwa kutafuta menifoldi nyingine ya chuma cha kusubu, iliyotumika. Nilipata mbili kwa picha. Moja ilikuwa na ufa palepale kama yangu, ya pili ilikuwa imepinda. Zina umri wa nusu karne, sikushangaa. Nikahamia kwenye heda, yaani menifoldi ya moshi iliyoundwa kwa mabomba, moja kwa kila silinda.

Kuna maumbo matatu. Sita kwa moja: mabomba yote yanakutana sehemu moja. Sita kwa mbili kwa moja: silinda tatu za mbele zinaingia bomba moja, tatu za nyuma jingine, kisha mawili yanakuwa moja. Sita kwa tatu kwa moja: silinda mbili mbili.

Kuelewa tofauti chukua mpangilio wa kuwaka wa injini hii, 1-5-3-6-2-4. Kuna mwako kila nyuzi 120 za mzunguko wa krenkishafti, mhimili mkuu wa injini. Silinda 1, 2 na 3 peke yake zinawaka kwa nafasi ya nyuzi 240 sawasawa. Silinda 4, 5 na 6 vilevile. Kwa hiyo ukizigawa tatu za mbele na tatu za nyuma, kila bomba linapata mipigo iliyopishana vizuri, na mabomba hayahitaji kuvukana. Kwa sita kwa tatu lazima uoanishe 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, ndipo upate nyuzi 360 katikati. Hilo la 1 na 6 linalazimisha bomba kusafiri urefu wote wa injini, chini ya kabureta, ambako hakuna nafasi ya kuchezea.

Sita kwa moja hutajwa sana na watu wa mashindano. Linafaa injini inayokaa juu, mizunguko 5000 kwa dakika na kuendelea. Mimi naendesha kati ya 2000 na 4500, siku nyingi.

Kipenyo nacho ni mtego. Kila silinda hapa ina sentimita za ujazo 399 tu. Bomba la kipenyo cha nje cha milimita 38 lenye ukuta wa 1.6 lina eneo la ndani la sentimita za mraba 9.5. La milimita 42 lina 11.8. Tofauti inaonekana ndogo kwa jicho, lakini moshi uleule ukipita kwenye la 42 unapunguza mwendo kwa karibu sehemu moja ya tano, na mwendo wa moshi ndio unaosaidia kuvuta mabaki kutoka silinda kwenye mizunguko ya chini. Kwa injini isiyobadilishwa kamshafti, fimbo inayofungua valvu, 38 inatosha.

Nilijua yote haya. Nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari. Kisha nikaona heda ya sita kwa moja, milimita 42, chuma kisichoshika kutu, inang'aa, na muuzaji ameandika kwamba inaingia kwenye magari yote ya Z ya injini hii hadi 1983. Nikainunua.

3 Machi: heda ya kwanza

Ilikuja imefungwa vizuri na ni nzuri kweli kuitazama. Nikaweka gasketi mpya juu ya flanji yake kama kielelezo. Matundu ya gasketi ni ya pembe nne. Matundu ya heda ni ya duara.

Ufafanuzi kwa atakayepita njia hii. Hedi za 240Z, zile zenye herufi E31 na E88, zina milango ya moshi ya pembe nne. Nyingine za baadaye, kama N47 na P79, zina milango ya duara kwa sababu zimetiwa mikono ya chuma ndani ya kuhifadhi joto la moshi. Zote zinafungika kwenye injini moja, na ndiyo sababu maneno "inaingia magari yote" ni kweli kwa upande wa bolti na si kweli kwa upande wa moshi. Usitegemee hata mwaka wa gari lako, maana baada ya miaka hamsini hedi nyingi zimeshabadilishwa. Soma herufi zilizosubiwa kwenye hedi yenyewe, upande wa plagi. Yangu ni E88.

Nilijaribu kujidanganya. Nilipaka wino flanji, nikaibana kavu kwenye hedi, nikaitoa nikaangalia alama. Kwenye kila mlango pembe nne za hedi zilikuwa zinagonga ukuta wa flanji. Ungeweza kusaga flanji mpaka matundu yafanane, lakini nilipopima niliona kwamba kwenye pembe ningekuwa nakata mshono wa kuchomelea bomba. Hapo heda ingekuwa imekwisha.

Na hata bila hilo, mkutano wa mabomba ulikuwa unaning'inia chini kuliko mtambo wa giaboksi. Tuta la kwanza lingeuondoa.

Nikairudisha. Usafiri wa kurudisha ulikuwa juu yangu. Saa 5, pamoja na za kufunga mzigo upya na kujilaumu.

Kabla ya kuagiza tena nilituma kwa muuzaji mwingine picha ya gasketi ikiwa juu ya hedi yangu, rula pembeni, nikaomba picha ya flanji yake ikiwa na rula. Nikaomba pia vipimo vitatu: kipenyo, unene wa ukuta, na umbali kutoka flanji hadi sehemu ya chini kabisa ya mabomba. Nilidhani nimeuliza kila kitu.

24 Machi: heda ya pili, na kinachovuja

Sita kwa mbili kwa moja, milimita 38, matundu ya pembe nne, chuma cha kawaida kisichopakwa kitu. Chuma cha kawaida nilikichagua kwa kupenda. Kisichoshika kutu kinatanuka zaidi: bomba la sentimita 60 likipanda joto kwa nyuzi 500 linarefuka kama milimita 5, wakati la chuma cha kawaida linarefuka chini ya 4. Kwenye hedi ambayo tayari imekata stadi mbili, hiyo milimita ina maana kwangu. Ubaya wake ni kutu, na dawa yake nitaieleza mbele.

Gasketi ikakaa juu ya matundu barabara. Mabomba yakapita pembeni ya chesisi na kubakiza nafasi ya kidole. Usukani wangu uko kulia, upande wa pili kabisa wa egzosi, kwa hiyo hakuna kinachogusa. Ambaye usukani wake uko kushoto ana nguzo ya usukani na mabomba ya breki upande huohuo wa moto, na lazima apime hapo kabla ya kitu kingine.

Nikafunga, nikakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, nikawasha. Ilivuja milango mitatu, na sailensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, ikapanda na kushuka kama mtu anayepumua vibaya.

Nikakaza zaidi. Haikusaidia. Nikafungua, nikapaka gundi ya gasketi ya joto kali pande zote. Ilishika kwa siku mbili, siku ya tatu ikatoka vipandevipande. Wakati huohuo nilikuwa narekebisha kabureta ili sailensa itulie, ujinga mtupu, maana nilikuwa natibu kwa petroli ugonjwa wa hewa.

Nikarudi kwenye lile kopo la washa.

Washa moja inakaa nusu juu ya flanji ya menifoldi ya hewa na nusu juu ya flanji ya moshi, na nati moja inazibana zote. Ni kama ubao uliolazwa juu ya matofali mawili. Matofali yakilingana, ubao unayakandamiza sawa. Moja likiwa fupi, ubao unainama, unabana refu kwa ukingo, na fupi halijui kama limebanwa. Kalipa ya kupimia ikasema flanji ya heda ni nyembamba kuliko ya hewa kwa milimita 1.3. Kwa hiyo kadiri nilivyokuwa nakaza, ndivyo nilivyokuwa nabana menifoldi ya hewa kwa pembe, na heda imekaa tu pale. Hewa ya ziada iliyokuwa inavuruga sailensa nayo iliingia kwa mlango huohuo, kwa sababu hata upande wa juu haukuwa umebanwa bapa.

Unene wa flanji. Kipimo cha nne ambacho sikuuliza.

31 Machi: washa za ngazi

Jaribio la kwanza: nilikata vipande vya bati la milimita 1.3 kwa umbo la nusu mwezi, nikaviweka chini ya washa upande wa moshi. Kuvishikilia vyote wakati unaingiza nati kwenye nafasi isiyotosha mkono ni adhabu. Viwili vilianguka ndani ya matumbo ya gari, kimoja sijakiona mpaka leo. Vilivyobaki viliteleza injini ilipopata moto.

Nikatoa kila kitu. Safari hii niliweka rula ya chuma juu ya uso wa flanji, nikapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake. Katikati kulikuwa na mwanga wa milimita 0.4. Kuchomelea mabomba kunavuta flanji na kuipinda, na waliotengeneza hawakuinyoosha. Hakuna washa itakayotibu hilo.

Heda ikaenda kwa fundi kereza kusawazishwa uso. Aliondoa nusu milimita. Ukishasawazisha, flanji imekuwa nyembamba zaidi! Tofauti yangu ikawa 1.8. Kama ningekuwa nimemchongesha washa kwa 1.3 siku ileile, kama nilivyotaka, zingekuwa vyuma chakavu. Kwanza uso unyooke, ndipo upime unene, washa zije mwisho.

Washa mpya alizichonga kutoka chuma nene, kila moja ina ngazi ya 1.8: nusu inayokaa upande wa hewa imepunguzwa, inayokaa upande wa moshi imebaki. Nilizitia alama ya rangi ili nisizigeuze. Moja niliigeuza hata hivyo, nikaigundua kabla ya kuwasha.

Kupima sikungoja injini. Nilichukua mashine ya kunyonya vumbi, nikaunga mrija upande unaopuliza, nikafunga kwenye bomba la nyuma kwa kitambaa, nikapulizia maji ya sabuni kila kiungo. Hedi yote kavu, bila povu hata moja. Povu lilitoka kwenye kiungo cha bomba la mbele, ambacho nisingekifikiria. Gasketi yake ilikuwa imekaa upande.

Nikawasha. Sailensa ikatulia. Nilikaa dakika nzima nikiisikiliza tu.

Saa 14 kwa heda hii ya pili, gasketi kubwa 3. Washa kumchukua fundi nusu siku.

14 Aprili: petroli inachemka

Wiki mbili za furaha, halafu siku ya joto nikasimama kununua kitu, nikarudi baada ya dakika kumi, gari likakataa kuwaka. Nilipofungua boneti nilisikia kabureta zinachemka, kwa sauti kama sufuria ndogo.

Kabureta za L24 zinakaa juu ya egzosi moja kwa moja. Menifoldi ya zamani ilikuwa nzito na ilikuwa na ngao ya bati iliyofungwa juu yake. Heda ina mabomba sita membamba yanayotoa joto kila upande, na ile ngao haina pa kufungwa. Sehemu nyepesi za petroli zinaanza kuwa mvuke kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu. Gari likitembea upepo unasaidia. Ukizima, joto lote linapanda kwenye mabakuli ya maboya.

Ushauri niliopewa na watu watatu ulikuwa kuzungushia mabomba mkanda wa joto. Sikukubali. Mkanda unashika unyevu, na unyevu pamoja na moto juu ya chuma cha kawaida ni kutu ya miezi. Utafungua siku moja ukute bomba limekuwa kama biskuti. Kwa chuma kisichoshika kutu ningefikiria.

Nilichofanya ni vitu viwili. Ngao mpya ya alumini ya milimita 1.5, nikaifunga kwenye menifoldi ya hewa, mbali na heda, na kuacha mwanya wa sentimita mbili ili hewa ipite pande zote. Ya kwanza niliikata ikagusa fimbo ya kukanyagia mafuta, nikagundua barazani siyo barabarani, namshukuru Mungu. Ya pili imekaa.

Kisha heda ikatoka tena, ikapelekwa kupakwa kauri ndani na nje, ndiyo ile dawa ya kutu. Hili nilipaswa kulifanya kati ya kusawazisha na kufunga, lakini nilikuwa na haraka ya kusikia sauti. Waambie wafunike uso wa flanji wasiupake. Na kama unataka tundu la kihisi cha oksijeni, kinachoonyesha kama petroli imezidi au imepungua, lichomelewe kabla ya kauri. Hilo angalau nililikumbuka.

Saa 6 na gasketi ya nne.

28 Aprili: mchanganyiko

Sasa ndipo wakati halali wa kugusa kabureta. Yale marekebisho ya Machi niliyafuta yote, nikaanza upya kwa nati za chini ya kabureta, zinazopima petroli, mizunguko miwili na nusu kutoka juu, kisha nikafuata kihisi cha oksijeni. Injini inapumua rahisi kuliko zamani, na plagi zilitoka nyeupe kuliko nipendavyo, dalili kwamba petroli ni chache. Nati zote mbili zikashushwa kidogokidogo, robo ya mzunguko kwa zamu, mpaka rangi ikawa ya kahawia. Kwenye mizunguko ya kati bado ni kavu kiasi, na hapo nati haitoshi, ni sindano zenyewe za kabureta. Nimeagiza.

Kile kilichokuwa kinapiga mabomu nyuma ninapoachia mafuta kwenye mteremko kimekoma chenyewe baada ya kile kiungo cha mbele kupata gasketi mpya. Kulikuwa na hewa inaingia pale na kukutana na petroli isiyoungua. Sikuhitaji kubadili kitu kingine.

Saa 4.

12 Mei: kilomita 900

Nimekaza nati mara tatu: baada ya moto wa kwanza, baada ya kilomita 100, na leo. Mara ya kwanza nyingi zilipokea robo mzunguko. Leo mbili tu ndizo zilizosogea, tena kwa shida. Nimekaza injini ikiwa baridi kila mara. Ile stadi ya koili haijasogea.

Nguvu sikupima kwenye mashine, kwa hiyo sitatoa namba. Kutoka 2500 inavuta bila kusita na haichoki mapema. Kwenye 2600 hadi 2800 kuna mvumo ndani ya gari ambao haukuwepo, wa kuchosha katika safari ndefu. Nashuku bomba la katikati, limebaki la zamani na kipenyo chake hakilingani na heda. Joto la sakafu upande wa kushoto nalo limeongezeka, na kwa kuwa dereva yuko kulia, malalamiko yote yanatoka kwa mke wangu. Kipande cha pili cha ngao, cha chini ya sakafu, kimeshakatwa.

Jumla mpaka leo: saa 47, gasketi kubwa 4, eksitrakta 1, vidude vya kusagia 2, heda 1 iliyorudishwa, na kipande kimoja cha bati cha nusu mwezi ambacho bado kiko mahali fulani ndani ya gari. Kinalia nikikata kona ya kulia.

Ile menifoldi ya zamani nimeipeleka kwa fundi anayechomelea chuma cha kusubu kwa vijiti vya nikeli. Ameniambia ataipasha moto yote kwanza na kuipoza ndani ya mchanga kwa siku nzima. Ikirudi bila ufa mpya nitaipima unene wa flanji na kuuandika hapa.